Kitunguu kizima kwenye sahani: nilichowaambia mama lishe wenzangu

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha mama lishe na baba lishe hapa Singida mjini. Dada mmoja aliirekodi kwa simu, mi nimeichapa tu kama ilivyotoka, nimepunguza vicheko na kelele za bodaboda, na maswali ya watu nimeyaacha palepale yalipoulizwa.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu hamjambo? Haya. Mwenyekiti asante kwa nafasi, na asante zaidi kwa kunipa kipaza sauti kabla ya chakula, maana watu wakishashiba hakuna anayemsikiliza mtu.

Mwenyekiti aliponipigia aliniambia mama njoo uongee kitu cha jikoni, chochote, ila kiwe na faida. Nikamwambia nitaongea kitunguu cha kuchemsha. Akanyamaza, afu akauliza, cha kuchemsha tu? Ndio baba, cha kuchemsha tu. Nadhani alifikiri natania.

Sitanii. Sisi hapa Singida kitunguu ndo kitu chetu, ukienda pale soko la Misuna unakuta magunia yamepangwa na malori yanapakia, vingine vinaenda Dar, vingine vinavuka mpaka mpaka Kenya, na wenzetu wa Mang'ola kule Karatu hivohivo, na Ruaha Mbuyuni ukipita na basi unaona vimefungwa kwenye neti pembeni ya barabara watu wanakimbilia dirishani. Kitunguu kipo tele. Sasa niambieni, nani hapa ameshawahi kumwandikia mteja kwenye ubao wa menyu kwamba leo mboga ni kitunguu? Hakuna. Kitunguu kwetu ni cha kuungia tu, kinakatwakatwa kinatupwa kwenye mafuta mpaka kinapotea, au kinaingia kachumbari. Mimi naomba leo kipewe sahani yake. Kizima. Kimechemshwa vizuri, kimekaa pale mtu anakiona na anakila kwa sababu anakitaka.

Hebu nyoosheni mikono, nani ameshakula mchemsho mahali akakuta kitunguu kizima akakisogeza pembeni ya sahani? Mnaona. Karibu wote. Na mi najua kwa nini, kitunguu kile ama kilikuwa kigumu katikati kinauma ulimi, ama kiliiva kikapitiliza kikawa kinateleza kama makamasi, samahanini mnaotarajia kula. Yote mawili ni kosa la mpishi, kitunguu hakina kesi. Mpishi alitupa kila kitu kwenye sufuria kwa wakati mmoja, kuku, viazi, karoti, hoho, kabichi na kitunguu, akafunika, akaenda kupiga stori.

Na kuna jambo lingine, hili neno mchemsho watu wanalipeleka hospitali. Chakula cha mgonjwa. Mtu akiambiwa ana presha au vidonda vya tumbo ndo anakuja kwako, mama nipe mchemsho, anaongea kama ameonewa. Wakati watu wa pwani samaki wa chukuchuku wanamla wakiwa wazima kabisa, samaki, ndimu, chumvi, pilipili na kitunguu, bila tone la mafuta, na hakuna anayewaambia poleni. Wachaga mtori wao ni ndizi na nyama na kitunguu vimechemshwa pamoja wanapondaponda, mama aliyejifungua anapewa na mwanaume mzima wa baa asubuhi anaagiza. Kwa hiyo kuchemsha sio adhabu. Kuchemsha vibaya ndo adhabu.

Sasa tuingie jikoni. Naanza na kwa nini kitunguu kinakuliza ukikikata, maana ukielewa hapo umeelewa upishi wake wote.

Ndani ya kitunguu kuna vitu vyenye salfa vimekaa chumba chao, na kuna kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili kinachogeuza vitu, kimekaa chumba chake, havionani. Ukipitisha kisu unavunja kuta, vinakutana, hapohapo inatengenezwa ile hewa inayopanda machoni. Wataalamu walidhani kimeng'enya ni kimoja tu, mpaka mwaka 2002 watafiti wa Kijapani wakaonyesha kwamba kipo kingine cha pili ambacho kazi yake ndo hiyo ya kutengeneza hewa ya kuliza, na mwaka 2013 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaokuchekesha kwanza afu unakufikirisha. Mi nilipoisoma hiyo nikasema kumbe kuna watu wanalipwa kulia na vitunguu, sisi tunalia bure.

Sasa hicho kimeng'enya moto unakiua. Ukichukua kitunguu kizima, hujakikata, ukakichemsha, moto unakifikia kimeng'enya kabla hakijakutana na mwenzie. Ule ukali hautengenezwi, au unatengenezwa kidogo sana. Na sukari ya kitunguu ilikuwepo siku zote, gramu 100 za kitunguu kibichi zina maji karibu gramu 89 na sukari kama gramu 4, ila kikiwa kibichi huisikii kwa sababu ukali umeifunika. Ndo maana kitunguu kizima kilichochemshwa taratibu kinakuwa kitamu mpaka mtu anauliza umeweka sukari? Hujaweka kitu.

Upande wa pili, ukikikata vipande vidogo ukakiacha dakika chache ndo ukakitia kwenye maji, hapo unapata kitu kingine kabisa, wataalamu wa ladha wamekuta kwamba kitunguu kilichokatwa kikipikwa kinatoa harufu inayofanana na supu ya nyama. Yaani ile supu yako unayoiona ina nyama nyingi kumbe nusu ya sifa ni ya kitunguu. Kwa hiyo mpishi ajiulize kabla hajashika kisu, nataka supu nzito au nataka kitunguu cha kula? Supu, kata. Sahani, usikate. Mkitaka vyote, wekeni vyote, kimoja kimekatwa kitangulie kwenye maji na nyama, vizima vije baadaye. Mimi mchemsho wangu ndo unavyokwenda na hiyo siri nimeshawapa bure.

Kuchagua. Chagua vitunguu vinavyolingana, hili mtu analidharau kisha anakuja kulia, kimoja kimeiva kingine kibichi kwenye sahani moja. Saizi nzuri ni kuanzia yai la kuku wa kienyeji mpaka ngumi ya mtoto. Bonyeza shingo, iwe imekauka na imebana, ikiwa laini au pana hicho kimevunwa hakijakomaa au hakijakaushwa vizuri, ndani kinaweza kuwa kimeanza kuoza. Angalia visiwe mapacha, vile ambavyo ukikiangalia kwa chini unaona kama viwili vimegandana, kwa kuungia havina shida lakini vikichemka vinaachana vinaelea hovyo. Kilichoanza kuota usikitupe, kata ungia, ila kizima hapana, lile jani la katikati linabaki na uchungu.

Kumenya. Vile vidogo vinachosha, najua, vijana wako wanakimbia. Vimwagie maji yanayochemka vikae dakika moja, chuja, mwagia maji ya baridi, kata kidogo kichwani afu minya, kinaruka chenyewe kutoka kwenye ganda. Gunia zima la vile vidogo ambavyo madalali wanavikataa mnaweza kumenya mkiwa mnapiga stori na hakuna anayetoa chozi.

Sasa sikilizeni hapa, kitako. Ile sehemu yenye mizizi. Karibu kila mpishi anaikata yote kwa mkupuo, na hapo ndo kitunguu kinakufa. Kitako ndo kinashika tabaka zote, ukikiondoa, ndani ya dakika kumi sufuria imejaa maganda yanayoogelea. We kwangua mizizi tu, paruza na kisu mpaka pawe pasafi, acha lile duara gumu. Kisha chora msalaba juu yake kwa ncha ya kisu, kina kidogo tu, kama nusu sentimita. Moto unapata njia ya kuingia katikati na ule moyo wa ndani haurukii nje. Huko Uingereza na Marekani wapishi wa zamani walikuwa wanafanya hivohivo, sio uganga.

Kuna kijana hapo nyuma ananyoosha mkono. Sema baba. Anauliza mteja atakulaje kile kitako? Hakili. Ukipakua unakikata palepale kwa kisu kikali, au unamwachia mezani, kikishaiva kinatoka kwa kijiko.

Maji. Yafunike vitunguu, yasizidi sana, kama vidole viwili juu. Chumvi tangu mwanzo, kijiko kidogo kwa lita moja kinatosha kuanzia. Yakichemka kwa nguvu punguza moto, vuta mkaa pembeni, tunataka vitokote tu, maji yanacheka kidogo juu. Moto mkali unavigonganisha, tabaka la nje linachanika na la ndani bado. Funika nusu.

Muda unategemea ukubwa. Vya saizi ya yai dakika 15 mpaka 20. Vya ngumi ya mtoto nusu saa. Yale makubwa dakika 40, 45, na usishangae ikifika 50. Na hapa kuna jambo watu hawalifikirii, sisi Singida tuko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 95 sio 100. Kwa hiyo mtu wa Dar akikwambia kitunguu changu kinaiva dakika 25 usimbishie na usimuige, yeye maji yake yana moto kuliko yako. Wa Mbeya na Nairobi ndo kabisa, wako juu zaidi yetu. Saa isikutawale, tumia kijiti cha mshikaki, choma kwenye ubavu kielekee katikati, kikipita bila kusukuma toa. Na kama unaweka kwenye hotpoti toa mapema kidogo, kikiwa bado kina ubishi kidogo, maana ndani ya hotpoti kinaendelea kuiva.

Sasa rangi. Vitunguu vyetu vingi ni vyekundu, na mtu akichemsha chekundu anafungua sufuria anakuta kitu cha kijivujivu, zambarau iliyopauka, anasema hii biashara siiwezi. Tulieni. Ile rangi nyekundu ndo ileile inayobadilika kwa ndimu na magadi, kwenye uchachu inakuwa waridi, kwenye magadi inaenda bluu mpaka kijani. Sasa kuna wapishi wana mkono wa magadi, maharage magadi, makande magadi, wanatia na kwenye mchemsho ili viive haraka. Kitunguu hakitaki magadi jamani. Kinakuwa uji na kinakuwa na rangi ambayo hata mimi siwezi kuitetea hapa. Maji ya visima vyetu vingine yana chumvichumvi, hayo peke yake yanatosha kuiharibu rangi.

Dawa ni ndimu, lakini mwishoni. Narudia, mwishoni, kitunguu kikishaiva. Ukitia ndimu au nyanya mwanzoni kitunguu kinagoma kulainika, uchachu unashikilia zile kuta zake, utachochea mkaa mpaka jioni. Kiive kwanza, epua, kamulia ndimu, uangalie ile rangi inavyorudi, waridi nzuri kabisa, wateja wanapiga picha. Mkipata vyeupe basi raha zaidi kwa sosi nyeupe na tui, ila msisubiri vyeupe ndo muanze.

Tuje kwenye kupakua, maana hapa ndo pesa ilipo.

Ya kwanza ndo rahisi kupita zote na mimi ndo naipenda kuliko zote, vitunguu vitatu vya saizi ya kati kwenye sahani, chumvi, pilipili manga ya kusaga sasa hivi sio ile ya vumbi iliyokaa mwaka, ndimu, na kijiko cha samli kinayeyukia juu. Basi. Na ugali na dagaa wa kukaanga, ule utamu wa kitunguu na ule uchungu kidogo wa dagaa vinapatana sana, wala hutaki mchuzi.

Ya pili ni ya tui. Chemsha vitunguu vidogo mpaka vikaribie kuiva, punguza maji yake weka pembeni usimwage, tia tui jepesi, binzari robo kijiko, pilipili mbichi nzima isiyopasuka, viache vitokote dakika kumi. Kisha tui zito, na hapo usiondoke, koroga taratibu bila kuacha mpaka lichemke kidogo juu, epua. Ukiliacha lichemke sana linakatika, unapata mafuta juu na maji chini. Ndimu baada ya kuepua. Hiyo kwa wali mweupe, mtu wa Tanga akila kwako atakuuliza kwenu wapi.

Ya tatu ni ya wenzetu wa Ulaya na Marekani, sosi nyeupe. Wamarekani ile sikukuu yao ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya mwezi wa 11, familia nyingi zinaweka mezani bakuli la vitunguu vidogo vizima kwenye sosi ya maziwa. Na kaskazini ya Uingereza, Lancashire, utumbo wa ng'ombe wanauchemsha na vitunguu ndani ya maziwa, kwa hiyo mnaouza supu ya utumbo mna ndugu huko msiowajua. Sosi yenyewe: vijiko viwili vya chakula vya siagi, yeyusha, vijiko viwili vya unga wa ngano, koroga dakika mbili bila kuunguza, tia kikombe cha maziwa kidogokidogo, na nusu kikombe ya yale maji uliyochemshia vitunguu, chumvi, pilipili manga, kungumanga ukiwa nayo. Vitunguu viwe vimeshaiva kwa maji, usivichemshe vibichi ndani ya maziwa, maziwa yatakatika. Kwa kweli hii sio ya kibanda cha mchana, ni ya harusi na vikao, ila mkipata tenda mnaijua.

Ya nne, ya baridi. Vilivyobaki kwenye friji, kata robo, siki, chumvi, pilipili, dania. Pembeni ya nyama choma. Yule asiyeweza kachumbari kwa sababu ya kuuma atakula hii.

Na mchemsho wenyewe, nimesema mkosaji ni yule anayetupa vyote kwa mpigo. Kuku wa kienyeji aanze peke yake na kitunguu kimoja kilichokatwa, tangawizi, chumvi, akikaribia kuiva, imebaki kama nusu saa, ndo vitunguu vizima na viazi na karoti nene viingie, ndizi kutegemea ni ndizi gani, kabichi na hoho dakika kumi za mwisho, ndimu juu ya bakuli. Samaki ni kinyume, sato anaiva dakika 10 au 15 tu, kwa hiyo vitunguu na viazi vinatangulia, samaki anakuja mwishoni juu yao anaiva kwa mvuke. Ukifanya hivo kila kitu kwenye sahani kina sura yake.

Yale maji, mama yangu, yale maji usimwage! Vitamini C na vile vitu vya rangi vya kitunguu vinavyosifiwa, sehemu yake inahamia kwenye maji. Pikia wali, pikia maharage, au mpe mteja kwenye kikombe na ndimu. Ila nyumbani kama una mbwa au paka usimpe, wala vitunguu vyenyewe, viwe vibichi au vimechemshwa. Kitunguu kinaharibu damu yao, kinaweza kuua mbwa. Hili wengi hawalijui, mabaki ya mchemsho yanaenda bandani moja kwa moja.

Kuna mama ameuliza, wanasema kitunguu kilichomenywa kikilala kinakusanya vijidudu kinakuwa sumu, imezunguka sana kwenye Whatsapp. Sio kweli. Kitunguu hakivuti vijidudu kutoka hewani. Kikae kwenye chombo kilichofunikwa, kwenye baridi, hakina neno. Lakini nitawaambia kitu cha kweli cha kuogopa ambacho hakizungushwi. Mwaka 1983 mji wa Peoria, jimbo la Illinois kule Marekani, watu 28 waliugua botulizimu, ile sumu inayolegeza misuli mpaka kupumua kunashindikana, na chanzo kilikuwa vitunguu vya kukaanga kwenye mgahawa, vilikuwa vimekaa ndani ya mafuta kwenye joto. Mafuta yanazuia hewa, na yule mdudu anapenda pasipo hewa. Sasa nani hapa anakaanga vitunguu vya siku nzima asubuhi anaviacha kwenye sufuria na mafuta yake, uvuguvugu, anachotea mpaka jioni? Sinyooshi kidole kwa mtu. Kaanga kidogokidogo au weka kwenye baridi. Vya kuchemsha hivohivo, visilale kwenye sufuria juu ya meza, siku hiyohiyo viliwe, au friji siku tatu nne basi.

Na kuhusu dawa. Watu watakuja kwenu waseme kitunguu kinatibu kisukari, kinatibu presha, kinaongeza nguvu, na wanawaambia muandike hivo kwenye ubao. Msiandike. Sisi ni wapishi. Kitunguu ni chakula kizuri, gramu 100 ni kalori 40 tu, hakina mafuta, ukikichemsha hujakiongezea. Hiyo inatosha kumsifia. Mwenye presha anakuja na dawa zake za daktari, wewe kazi yako ni kupunguza chumvi akikuomba. Na wapo ambao kitunguu kinawajaza gesi, hata kikiwa kimeiva, ni aina ya wanga iliyomo ambayo tumbo haliimudu, bakteria wa utumbo ndo wanaifanyia sherehe. Kwa kuchemsha sehemu yake inabaki kwenye maji, kwa hiyo huyo mpe kitunguu kimoja, na supu usimpe. Akisema tumbo linamsumbua bado, mpe mchicha, msigombane.

Mchungaji naona unatabasamu, najua unawaza Hesabu 11. Wana wa Israeli jangwani wana mana inashuka kila siku, bure, na bado wakalilia samaki na matango na vitunguu vya Misri. Na ndugu zetu Waislamu mnayo Al-Baqara aya ya 61, kitunguu kimo humohumo kwenye yale waliyoomba. Yaani watu wametoka utumwani wanakumbuka vitunguu! Na hawakuwa wanakumbuka cha kuungia kilichopotea kwenye mafuta, huo ni mtazamo wangu mimi, sio tafsiri ya dini, mchungaji usinijibu hapa.

Hela sasa. Vitunguu vikijaa sokoni bei inaanguka, mkulima analia, dalali anamwambia jaza lumbesa ndo nichukue, wakati sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mi sio mwanasiasa hilo naliacha kwa wenyewe. Lakini ile miezi ambayo kitunguu ni rahisi ndo miezi ya mama lishe kukiweka kama mboga. Kitunguu cha saizi ya kati ni kama gramu 100, kilo moja inatoa kumi. Ukimpa mteja vitatu, kilo moja ni sahani tatu na kimoja cha kuonja. Chukua bei ya kilo ya siku hiyo Misuna, gawa kwa tatu, ongeza mkaa na ndimu. Kisha linganisha na bei ya robo ya nyama. Mafuta hayaguswi, na mnajua hata sisi wa alizeti dumu la mafuta sasa hivi linavyotuumiza.

Ila usikiuze kama mbadala wa mtu asiye na hela, mteja anasikia. Ukisema hakuna nyama kuna kitunguu tu, umeshakiua. Mwambie leo kuna vitunguu vya tui, vimebaki sahani chache.

Dada wa shuka la bluu una swali? Anauliza, je mimi natumia presha kuka, naokoa mkaa. Sawa, inafaa, vizima vya saizi ya kati dakika saba nane baada ya kuanza kupiga filimbi, maji kikombe kimoja tu, acha mvuke utoke wenyewe. Ukiulazimisha kutoka kwa haraka vitunguu vinapasuka ndani. Na jaribu na vichache kwanza kwa kuka yako, maana zinatofautiana.

Mwingine, je nikipata oda ya watu mia mbili? Usichemshe kwenye sufuria moja kubwa, vya chini vitapondeka kwa uzito. Gawa sufuria tatu nne, viwe safu mbili tu, na vyote saizi moja. Vitoe kwa upawa wa matundu, usimimine. Panga kwenye trei kitako kikiwa chini, mwagia maji yake kidogo, funika na foili. Sosi peleka pembeni kwenye jagi, mwagia ukumbini, ukimwagia jikoni itafika imeganda.

Haya mwenyekiti ananionyesha saa. Vya leo viko kwenye zile sufuria mbili, ya kushoto vya samli, ya kulia vya tui, na ya kulia ina pilipili nzima ndani, mwenye watoto aangalie anapopakua. Maji ya kunawa yapo pale mlangoni, wazee watangulie.